Stendi ya tangi kubwa la samaki: fremu ya 2 kwa 4, fanicha ya mninga au kabati la plaiwudi?

Mteja akifika kwa seremala, Arusha au Moshi, kuagiza stendi ya tangi la samaki, mazungumzo huanzia kwenye mbao. Mninga upo? Sipresi inafaa? Fundi hujibu kufuatana na alichonacho stoo, wanapatana bei, basi. Habari ya muundo, yaani uzito utashuka kwa njia gani kutoka kwenye kioo mpaka sakafuni, haiguswi, na fundi anatengeneza kitu anachokijua vizuri: meza. Inakuja meza nzuri kweli, miguu imechongwa, vanishi inang'aa. Ila meza ya chakula hulemewa siku ya shughuli, kesho yake ikapumzika. Tangi likishajazwa maji halishuki mgongoni mwa stendi usiku wala mchana, kwa miaka.

Kwa hiyo hapa nalinganisha muundo kwanza, mbao zitafuata. Mbao ya kawaida ndani ya muundo sahihi itadumu. Muundo mbovu hauokolewi hata na mninga wa Tabora.

Kilo mia nne

Tuchukue tangi la futi nne, saizi ambayo wengi huifikia wakishachoka na vitangi vya juu ya meza: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Likijaa hadi ukingoni lina lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 kina uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na tangi hili linakula mita za mraba 2.3, hivyo kioo peke yake ni kilo 57 na ushee. Mchanga wa kina cha sentimita tano unakaribia kilo 50. Kama unafuga mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, au wenzao wa Ziwa Tanganyika, utapanga mawe, na kilo 40 za mawe zinaingia bila hata kuonekana. Ukitoa maji yanayoachia nafasi mchanga na mawe, unabaki na kilo 400 na kitu. Tangi la futi tano, 150 kwa 60 kwa 60, lina lita 540 na kioo cha milimita 12 chenye kilo mia moja nzima. Hilo limepita nusu tani kabla hujatia punje ya mchanga.

Hesabu hiyo inatisha kuliko inavyostahili. Mbao iliyosimama wima ni kitu chenye nguvu sana. Mguu mfupi wa 2 kwa 4 (yaani inchi mbili kwa nne) wa sipresi kavu, ukilemewa kutoka juu moja kwa moja, unabeba zaidi ya tani moja peke yake. Miguu minne imeshavuka mbali uzito wa tangi lako. Stendi huangushwa na mambo mengine matatu: boriti ya juu inayopinda katikati, fremu inayoyumba kwa ubavu, na maji yanayodondoka kidogo kidogo mahali ambapo hakuna anayetazama.

La kupinda lina hesabu zake. 2 kwa 4 ya sipresi ikisharandwa hubaki kama milimita 45 kwa 95. Isimamishe, upande mwembamba ukitazama juu, ivuke nafasi ya sentimita 110 bila mguu wa kati, uipe nusu ya uzito wa tangi letu: itapinda kama milimita moja na nusu. Mbao hiyohiyo ukiilaza bapa itapinda karibu milimita 7. Ukiweka 2 kwa 6 iliyosimama, chini ya nusu milimita. Rudi kwenye 2 kwa 4 iliyosimama lakini ongeza mguu katikati, na kupinda kunashuka hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kumbuka hiyo ni mbao kavu. Mbao mbichi ikilemewa huku inakauka hupinda mara mbili ya hapo na zaidi, na haijinyooshi tena. Kioo cha chini kinachokalia boriti iliyobonyea hakipasuki siku hiyo. Kinasubiri, au silikoni ya pembeni inaanza kuachia.

Kuyumba nako si jambo la vitabuni kwetu. Mwezi wa Julai 2007 eneo la Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, lilitikisika kwa siku kadhaa, na tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilifika kipimo cha 5.9. Lilisikika Arusha, lilisikika hadi Nairobi. Tetemeko halisukumi stendi kwenda chini, linaisukuma ubavuni, na maji ndani ya tangi yanaanza kucheza na kuongeza msukumo huohuo. Hata bila Gelai, kuna watoto, kuna kochi linalosogezwa siku ya usafi, kuna mgeni anayeegemea.

Fremu ya 2 kwa 4

Hii ndiyo stendi ambayo seremala wa kenchi anaielewa haraka kuliko seremala wa vitanda. Unatengeneza mstatili mmoja wa juu na mmoja wa chini, mbao zote zikiwa zimesimama. Kati ya mistatili hiyo unasimamisha miguu, na hapa ndipo penye kiini cha kazi: mguu unakaa chini ya boriti ya juu na juu ya boriti ya chini. Haukai pembeni yake. Uzito unapita mbao juu ya mbao hadi sakafuni, na skrubu hazibebi chochote. Kazi yake ni kuzuia vipande visihame. Kila kona unaongeza kipande kingine cha 2 kwa 4 kwa ndani, kinachovuka kuanzia fremu ya juu mpaka ya chini, ili skrubu zipate mahali pa kushika.

Linganisha na fremu unayoiona mara nyingi barabarani, ambapo boriti imegongelewa katikati ya miguu miwili kwa misumari ya inchi nne. Pale tangi zima limening'inia kwenye misumari minane. Tena msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, kufuata nyuzi zake, hushika vibaya na huzidi kulegea mbao inapokauka. Ukimkuta fundi anataka kugongelea hivyo, mwambie tu, "Fundi, naomba boriti ikalie mguu." Atakuelewa.

Fremu hii ina udhaifu mmoja mkubwa: mistatili mitupu huyumba. Dawa yake ni shiti ya plaiwudi ya milimita 9 au 12 nyuma, imepakwa gundi na kupigwa skrubu pande zote nne, na vipande vingine ubavuni. Mbao za mshazari nazo zinafaa, ila plaiwudi inafanya kazi hiyo vizuri zaidi na inaficha nyaya.

Kwa uzuri, haina. Ni kenchi iliyoshushwa sebuleni. Wengi huifunika kwa mbao nyembamba za dari au bodi iliyopakwa rangi, na ikifunikwa vizuri hakuna atakayejua. Faida ni kwamba inavumilia fundi wa wastani na msumeno wa mkono, mradi jambo moja tu lizingatiwe: miguu yote iwe na urefu uleule. Ifungwe pamoja, ikatwe kwa mkupuo mmoja. Mguu mmoja ukiwa mfupi kwa milimita tatu, stendi yako ina miguu mitatu na pambo.

Mguu wa kati wa mbele huwaudhi wanaotaka kuweka tangi la chujio chini. Kwa hao, 2 kwa 6 mbele bila mguu wa kati, na nyuma mguu wa kati ubaki. Kwa tangi la futi tano nisingefanya hivyo kwa sipresi. Ningekubali mguu na kutafuta chujio jembamba.

Fanicha ya mninga

Hapa unanunua mkono wa fundi. Kiungo cha ulimi na tundu kikikatwa sawasawa na kutiwa gundi hubeba vizuri, kwa sababu ulimi wenyewe umekaa ndani ya mguu na unalemewa kama mbao, wala si kama msumari. Ikiwezekana mguu ukatwe bega ili boriti ilikalie, ulimi ubaki wa kushikilia. Bolti mbili za milimita 10 kila kona ni ruhusa pia, ingawa fundi wa fanicha nzuri atakunja uso.

Uzuri wake hauna ubishi. Mninga ukishapigwa msasa na vanishi unapendezesha sebule hata bila samaki. Lakini wengi hulipia mbao ghali, kisha wanapunguza ukubwa wake ili kufidia bei. Boriti ya juu inakuwa ya inchi tatu, miguu inachongwa ikawa myembamba chini, mgongo unaachwa wazi "ili ipumue." Matokeo yake ni stendi ya gharama kubwa inayoyumba kuliko fremu ya kenchi. Mninga ni mgumu kuliko sipresi, ni kweli, ila ugumu huo hauzuii pembe nne za mstatili kwenda mshazari.

Ukiamua fanicha, shikilia mambo haya hata fundi akilalamika: boriti ya juu isipungue inchi sita kwa kimo, miguu iwe minene inchi tatu hadi chini kabisa, na mgongo uwe na bodi ya kweli iliyoingizwa kwenye mfereji na gundi. Hardibodi nyembamba ya nyuma ya kabati la nguo haitoshi.

Kabati la plaiwudi

Kabati halina miguu. Kuta zake ndizo zinazobeba: mbavu mbili, mgongo, na ukuta wa kugawa katikati, vyote vya milimita 18. Kitu hiki huwashangaza watu, kwamba ubao mwembamba hivyo uliosimama kwa ukingo unaweza kubeba kilo mia nne. Unaweza, na kwa urahisi, kwa kuwa uzito umeenea kwenye urefu wote wa ukingo na mgongo unazuia kuta zisipinde. Kwa upande wa kuyumba, kabati linazishinda stendi zote nilizozitaja, maana kila ukuta ni mshazari tayari. Na shiti likikatwa kwa mashine kwenye duka la bodi, sehemu ya juu inatoka imenyooka bila kubishana na randa.

Maji ndiyo adui yake, na ubora wa bodi ndio kamari. Plaiwudi nzuri ina tabaka zilizojaa. Ya bei ya chini ukiitazama kwa ukingo unaona mapengo, na pale penye pengo ndipo skrubu yako itakapoangukia. Shiti jeusi la kumiminia zege, ambalo madukani huitwa marini bodi, hutengenezwa kwa gundi inayostahimili maji na linafanya kazi nzuri, ila jina lisikudanganye: si ile plaiwudi ya boti ya kiwango cha BS 1088. Kingo zake zikikatwa ni tupu kama za plaiwudi nyingine, na lazima zinyweshwe vanishi au rangi ya mafuta mara mbili tatu kabla ya kuunganishwa.

Emdiefu (MDF) na chipbodi sizipendekezi kwa tangi la lita mia tatu, hata zikiwa na sura ya melamini inayong'aa. Zikiwa kavu hubeba. Maji yakipenya kwenye ukingo zinavimba, zinalegeza skrubu, na hazirudi zilivyokuwa. Mwenye tangi anabadilisha maji kila wiki au mbili. Hakuna anayebadilisha maji miaka mitatu bila kumwaga.

Mgongo wa kabati usikatwe ovyo kupitisha mipira ya chujio. Toboa matundu ya duara mbali na pembe. Watu wengine hukata dirisha kubwa nyuma kwa ajili ya hewa, na kabati lililokuwa imara linageuka kuwa mstatili mtupu tena.

Stendi ya chuma, skwea paipu ya milimita 40 iliyochomelewa, ina nguvu na haipindi kwa unyevu, lakini inashika kutu kwenye viunganishi na mchomeleaji asiye makini huiacha imejipinda, ikagusa sakafu kwa pembe tatu. Matofali ya bloku yenye mbao juu yanafaa barazani. Sebuleni, mama mwenye nyumba ataamua.

Mbao za huku kwetu

Tukiwa chini ya milima miwili tuna bahati ya mbao za karibu. Mashamba ya serikali ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru/Usa yamepandwa sipresi na msindano kwa wingi, na vihambani kuna migrivea iliyopandwa kuweka kivuli kwenye kahawa.

Sipresi ndiyo chaguo langu la kwanza kwa fremu. Ni nyepesi, hukauka bila vituko vingi, inarandika, inashika skrubu, na kiini chake kinastahimili wadudu kuliko msindano. Vifundo ni vingi. Epuka kifundo kikubwa katikati ya boriti upande wa chini, hapo ndipo mbao inapovutwa inapolemewa.

Msindano, au paini, unafaa kwa vipimo vilevile. Unaouzwa kwa ajili ya kenchi mara nyingi umetiwa dawa ya kijani, na dawa hiyo ikiwa ni ile ya zamani ina shaba, kromiamu na aseniki. Mchwa wataiacha. Lakini shaba ni sumu kwa samaki, na kwa konokono na kamba kiasi kidogo mno kinatosha. Kama unatumia mbao hizo, zipake rangi ya mafuta kote, na maji yaliyodondoka juu yake yasirudi kwenye tangi. Vipande vilivyobaki visiende jikoni kuwashia moto.

Mgrivea unapendeza, una michoro ya hariri ukipasuliwa vizuri, na bei yake kihambani inavutia. Tatizo ni upasuaji. Nyingi hupasuliwa kwa cheni so palepale shambani, ubao mmoja una inchi mbili mwanzo na inchi moja na nusu mwisho, na ukikauka unajisokota. Kwa milango ya kabati, sawa. Kwa boriti, mpaka uwe umekauka na umerandwa pande nne.

Mkaratusi ni mzito na una nguvu kuliko sipresi, na ukiwa mbichi ni mkorofi: unapasuka vichwani, unapinda, unavuta misumari. Ukiupata mkavu, ulionyooka, toboa kabla ya kuingiza skrubu na utakuwa na fremu isiyotikisika. Sijui nani ana subira hiyo.

Mninga una sifa moja ambayo kwa stendi ni kubwa kuliko ugumu wake: husinyaa kidogo sana ukikauka, hivyo unabaki ulivyorandwa. Mvule na mkongo nazo hustahimili unyevu na mchwa. Zote hizi tatu omba risiti na karatasi za mzigo. Na mtu akikuletea mkulo mbichi kwa bei ya kutupa akisema umetoka mlimani, achana naye; msitu wa asili wa Kilimanjaro umo ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na huko hakukatwi mbao.

Sasa unyevu, jambo ambalo lingestahili makala yake. Mbao ya kukaa ndani ya nyumba inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Inayotoka kwenye mashine juzi ina zaidi ya asilimia 50. Uliza yadi yoyote, jibu ni moja: "Imekauka kabisa, bosi." Kwa hiyo usiulize, pima. Nyanyua mbao mbili za saizi moja, moja ya juu ya rundo na moja ya chini. Tofauti ya uzito ikikushtua, ya chini ni mbichi. Iguse shavuni: mbichi ina ubaridi. Igonge: kavu inalia, mbichi inanyamaza. Kisha nunua mapema. Zipange kivulini, juu ya sakafu, vijiti vikiwa katikati ya kila tabaka ili hewa ipite, vichwa vipakwe rangi ili visipasuke, na uzito kidogo uwekwe juu. Sipresi ya inchi mbili inataka miezi kadhaa, na miezi ya Machi hadi Mei usiihesabu, masika hayakaushi kitu.

Hapa miji yetu miwili inatofautiana. Moshi iko chini, kwenye mita 800 na kitu, na joto la Januari na Februari hukausha mbao upesi mpaka ikapasuka kama iko juani. Arusha iko mita 1,400 hivi. Ukaukaji unakwenda taratibu, na baridi ya Juni na Julai inaleta jambo jingine. Kipasha joto kinapoyaweka maji kwenye nyuzi 25 ndani ya chumba cha nyuzi 15, maji yanapanda hewani kwa wingi na kutua kwenye vitu vya baridi, ukiwemo ukuta wa nyuma na juu ya stendi. Mtu wa Njiro au Sakina afunike tangi kwa kioo, aache sentimita tano kati ya stendi na ukuta, na apake vanishi hata sehemu zisizoonekana. Mtu wa Pasua au Majengo, kule Moshi, ahofie zaidi mchwa: fremu ya chini isikae kwenye sakafu yenye ufa.

Ipi ya nani

Kama umepanga nyumba na utahama, chukua fremu ya 2 kwa 4 iliyofungwa kwa skrubu na bolti, mgongo wake usitiwe gundi bali skrubu nyingi, ili ifunguke. Pima mlango kabla. Kama uko ghorofani, kumbuka sakafu za makazi kwa viwango vya Kiingereza hukadiriwa kubeba kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, na chini ya tangi letu kuna zaidi ya 650. Sakafu ya zege huugawa mzigo huo, lakini weka tangi kando ya ukuta wa kubeba, na kwa futi tano muulize mhandisi.

Mwenye nyumba yake, sakafu ya chini, bajeti ya kawaida: kabati la plaiwudi ya milimita 18 lenye fremu ya 2 kwa 4 ya sipresi juu, chini ya tangi. Ni mchanganyiko wa miundo miwili na kwangu ndio bora kuliko yote. Kuta zinazuia kuyumba, fremu inampa kioo kitako kilichonyooka, na milango inapata pa kufungwa. Mwenye fedha aagize hivyohivyo, kisha milango na pande za mbele avalishe mninga. Mninga mtupu kwa kila kipande ni fahari, na fahari si dhambi, ila tangi halitajua tofauti.

Kati ya tangi na mbao weka shiti la foamu nyeupe ngumu, ile inayofungiwa televisheni kwenye boksi, la sentimita moja. Linameza vijiwimbi vidogo vya mbao na punje ya mchanga iliyosahauliwa. Hii ni kwa tangi lenye kioo bapa chini, kama yale yanayounganishwa na mafundi vioo wetu. Tangi la kiwandani lenye fremu ya plastiki kuzunguka kitako hukalia fremu yake. Hilo halitaki foamu. Foamu pia haifuti kosa la milimita tano.

Siku ya kujaza, usijaze yote. Weka pimamaji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari tangi likiwa tupu. Jaza robo, pima tena. Nusu, pima, liache lilale usiku kucha; hapo ndipo sakafu ya vigae iliyo tupu chini au mguu uliokatwa vibaya unapojitokeza. Maji yakisimama tofauti kona moja na nyingine, yapunguze mpaka stendi iweze kunyanyuliwa kidogo, kisha ingiza kabari nyembamba ya mbao ngumu au kipande cha plastiki chini ya fremu ya chini, ienee urefu wa kutosha. Kabari huwekwa sakafuni tu, kamwe isiwekwe kati ya kioo na stendi.